Nikibaki na mtu mmoja kwenye poka naliwa kila mara. Nakosea wapi wakuu?

WaPiliTena
Wakuu habari za jioni. Kila Jumamosi tunakutana watu 10 nyumbani kwa rafiki yetu hapa Mwanza, tunacheza poka ya Texas Hold'em (kila mtu ana karata mbili mkononi, tano zinafunuliwa mezani kwa wote). Kila mtu anatoa 10,000, anapewa chipu 3,000, na blaindi (chipu za lazima ambazo watu wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, mmoja ndogo, mwingine kubwa) zinapanda kila dakika 15. Wa kwanza 60,000, wa pili 30,000, wa tatu anarudishiwa 10,000 yake.

Kufika wawili wa mwisho nafika. Kati ya mashindano 14 nimefika mara 7, nimeshinda mara 1. Tukiwa wengi nasifiwa kwa subira. Tukibaki wawili natafunwa kama karanga.

Mfano wa juzi. Nina chipu 12,000, mwenzangu fundi simu ana 18,000. Blaindi 500 na 1,000, mimi ndiye niliyeweka ile ndogo. Nina Q ya kopa na 8 ya pao, nikajaziliza 500 nione flopu, zile karata tatu za kwanza mezani. Zikashuka J, 7, 3. Nikapita bila kubeti. Jamaa akasukuma 1,000 huku anatafuna muwa, wala hata kunitazama. Nikatupa karata. Akafunua 9 na 4! Watu wakacheka hadi mwenye nyumba akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Robo saa baadaye nikawa nje, na sikuwahi kupata mkono mmoja wa maana.

Nifanyeje?

Mchokozi wa Mtaa
Hiyo 10,000 nunua sato ule na familia. Kamari ni kamari tu.

Bi Shupaza
Tukuache na sato wako, sisi tuongelee karata.

WaPiliTena, hebu piga hesabu hii. Watu 10 mara 3,000 ni chipu 30,000 mezani. Blaindi kubwa ni 1,000. Maana yake nyie wawili mna blaindi 30 kwa pamoja, na mwenye chache hawezi kuzidi 15. Kila mikono miwili inakula 1,500 kwako hata usipocheza chochote. Mtu mwenye 15,000 akikaa anasubiri A na K, baada ya mikono 20 hana kitu. Na jozi ya mkononi inakuja mara 1 katika 17! Ile subira yako inayosifiwa ndiyo inayokumaliza.

Mkiwa wawili, Q na 8 ni mkono mzuri, na wala usingejaziliza. Ungepandisha hadi 2,000. Yule na 9-4 yake ama angetupa palepale, ama angefuata akiwa nyuma yako.

Kitufe
Mimi nimekwama kwingine. Umesema uliweka blaindi ndogo, halafu flopu ikishuka ukaanza wewe. Nani alikuwa na kitufe cha dila, ile alama ya mgawaji inayozunguka kila mkono?

WaPiliTena
Fundi simu. Aliweka blaindi kubwa, ndivyo tunavyofanya siku zote.

Kitufe
Basi mnacheza kinyume. Wakibaki wawili, mwenye kitufe ndiye anayeweka blaindi NDOGO. Kabla ya flopu anaanza yeye, baada ya flopu anakuwa wa mwisho. Mlivyofanya nyie, mwenye kitufe anasubiri mwenzake aanze kila duru, mwanzo hadi mwisho. Kweli mnapokezana, lakini anayejua utamu wa kuwa wa mwisho anafaidi kuliko mwingine. Naona fundi simu anajua.

Bi Shupaza
Duh, hilo lilinipita. Kitufe upo vizuri.

Naendelea. Karata mbili zisizo jozi hupata walau jozi kwenye flopu kama mara 1 katika 3. Wewe ulikosa, na yeye alikosa vilevile. Tofauti ni kwamba yeye alibeti. Aliweka 1,000 kugombea 2,000, kwa hiyo ukitupa mara 1 tu katika 3 hasara hana. Nahisi wewe unatupa zaidi ya hapo.

Mzee wa Hesabu
Kijana, nyongeza mbili.

Ukishuka chini ya blaindi 10, acha kupandisha kidogokidogo. Sukuma chipu zote au tupa. Ukiwa na blaindi ndogo, sukuma A yoyote, K yoyote, jozi yoyote, Q nyingi, na zinazofuatana kama 9-8. Ni zaidi ya nusu ya mikono, usiogope. Lakini ukisukumiwa wewe, bana zaidi, maana anayesukuma ana njia mbili za kushinda: utupe, au akupige karata zikifunuliwa. Anayefuata ana hiyo moja tu.

Pili, ile 30,000 ya wa pili ulishaipata mlipobaki wawili. Hakuna wa kukunyang'anya. Mnagombea 30,000 iliyobaki, kwa hiyo unamlinda nani?

Halafu mara 1 katika 7 usiililie sana. Hata mkirusha shilingi, kupata ushindi 1 au sifuri katika 7 hutokea mara 1 katika 16.

Nyanda wa Ziwani
Angalizo kwa wanaosoma: haya ya kubeti hovyo usimfanyie mtu anayefuata kila kitu. Mjomba wangu hatupi karata hata umwonyeshe zako. Kwa mtu wa hivyo subiri jozi, kisha beti kubwa.

WaPiliTena
Nimerudi na mrejesho. Suala la kitufe lilileta ubishi karibu saa nzima, mwisho wamekubali. Fundi simu ndiye alibisha zaidi.

Tukabaki mimi na yeye tena. Nikapandisha mikono minne mfululizo, mitatu akatupa, akaacha kutafuna muwa. Baadaye nikashuka hadi 9,000, nikasukuma zote na K-6. Akafuata na Q-10. Flopu safi, ya nne safi, ya mwisho 10 ya uru. Wa pili tena.

Mzee wa Hesabu
Ulikuwa mbele. Ukipata hiyo hali tena, sukuma vilevile.

WaPiliTena
Sawa mzee. Na tukiwa watatu je, nisukume hivyohivyo?

Bi Shupaza
Hapana! Hapo kuna 20,000 kati ya wa tatu na wa pili, hesabu inabadilika kabisa. Fungua uzi mwingine.