Tamasha la kuchangia watoto wa malezi ya kambo: tuwapandishe jukwaani au tuache?

mpiga_besi
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Tuna kabendi ketu ka watu sita, tunaandaa tamasha la hisani kuchangia watoto walio kwenye malezi ya kambo mtaani kwetu, yaani wanaolelewa kwa muda na familia nyingine, ukumbi tumepewa bure na vyombo tunavyo. Sasa kwenye kikao cha jana mwenzetu mmoja kasema kabla ya wimbo wa mwisho tuwapandishe watoto watano sita wajitambulishe, na mmoja asimulie maisha yake, maana watu wakiguswa ndo wanatoa. Wengi wamekubali ila mimi moyo unasita na hoja sina. Halafu hela tukishapata tumkabidhi nani, zifanye nini hasa?

mama_wa_muda
Kaka nakuomba usifanye hivyo. Mimi ni mlezi wa kambo, wa kwangu aliwahi kuitwa jukwaani kwenye shughuli kama hiyo akiwa na miaka tisa, MC akasema "huyu ni yatima wetu". Mama yake yuko hai! Wanaonana kila mwisho wa mwezi na mtoto huwa anahesabu siku. Alisimama pale kashika pindo la shati anavuta anavuta mpaka kifungo cha chini kikang'oka, watu wanapiga makofi. Usiku akaniuliza, mama amekufa mkanificha? Ikabidi nimpigie mama yake saa tano usiku ili asikie sauti yake ndo akalala.

Watu wengi wanachanganya, malezi ya kambo siyo kuasili. Mtoto anakaa kwako kwa muda wakati wazazi wanasaidiwa wasimame, lengo la kwanza ni arudi kwao, japo wapo wasiorudi. Sasa video ikishaingia kwenye magrupu, Jumatatu darasa zima linajua habari za nyumbani kwao. Na msiseme mtoto alikubali, atakataaje mbele ya watu wazima waliomwandalia sherehe?

ustawi_mstaafu
Dada kasema kweli tupu. Hoja unayoitafuta ipo kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 16 kinalinda faragha ya mtoto, na cha 20 kinampa ulinzi maalumu aliyetenganishwa na familia yake. Kuhusu matumizi, Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala ya 2009 inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi, kwa hiyo msiwasahau wazazi wenyewe, nauli tu ya kwenda kumwona mtoto inawashinda wengine. Nimepokea watoto wengi usiku, nguo zao ziko kwenye mfuko wa plastiki, kwa hiyo begi zuri lenye zipu ambalo ni lake siyo kitu kidogo. Na wale wanaofikisha 18 wakatakiwa kujitegemea ghafla, hao ndo huwa hawana mtu kabisa. Ila waulizeni walezi kwanza kabla ya kununua chochote.

fundi_sauti
Upande wa hela fungueni njia kabla ya kuuza tiketi ya kwanza. Lile tamasha la kuchangia Bangladesh la wanamuziki George Harrison na Ravi Shankar, New York, 1 Agosti 1971, kiingilio kilileta kama dola 243,000 zikaenda UNICEF, lakini hela za santuri na filamu zilikwama miaka mingi kwa watu wa kodi kwa sababu mambo ya msamaha wa kodi hayakupangwa mapema. Watu wakubwa vile! Tafuteni shirika lililosajiliwa, hela ziingie kwenye akaunti yake moja kwa moja, watoa sahihi wawili, na baada ya wiki mtangaze kilichoingia na kilichotoka.

mpiga_besi
Asanteni sana, nimewasomea wenzangu meseji ya mama_wa_muda, kimya kikatanda, kile kipengele tumekifuta. Ataongea mlezi mmoja bila kutaja mtoto yeyote. Ila kuna kijana wa miaka 17 yuko kwenye malezi, anapiga gitaa balaa na ameomba mwenyewe kupiga na sisi. Huyu tunafanyaje?

mama_wa_muda
Apige, ila mlezi wake na afisa wake wa ustawi wajue kwanza. MC amtaje kama mpiga gitaa basi, kwa jina atakalochagua mwenyewe, anaishi wapi na nani hayawahusu. Akighairi hata dakika ya mwisho muwe na mtu wa kushika nafasi yake. Na kama wanamuziki wengine mnawapa chochote, na yeye apewe hichohicho.