Naomba ushauri: pechi wakubwa kwenye bwawa la kulipia kwa siku

Habari zenu wakuu, hasa mnaovua huku Uingereza.

Kuna bwawa la kulipia kwa siku karibu na Leicester. Wenyewe wamepandikiza samaki aina ya kapi (carp) kwa wingi, lakini mimi namtaka pechi (perch), yule mwenye milia myeusi na mapezi mekundu (si sangara wetu wa Ziwa Victoria). Nalenga wa kilo moja na nusu kwenda juu. Wapo: jioni vidagaa hutawanyika juu ya maji kama mchele uliomwagwa, kando ya matete, na mara moja niliona pezi lenye miiba likikata maji nyuma yao.

Shida ni kapi. Nikiweka chambo cha nyungunyungu mnene au kamba (prawn), kapi anawahi. Nimeongeza ukubwa wa ndoano, nimepunguza chubwi (uzito wa kuzamisha chambo), nimehamia ukingoni penye kina kifupi, bado. Kutumia samaki hai kama chambo hakuruhusiwi pale, na ndoano lazima ziwe zisizo na kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Leseni ninayo.

Tena geti hufunguliwa jua limeshatoka na kufungwa kabla giza halijaingia, wakati pechi anapenda mwanga hafifu.

Naomba kujua mawili. Kapi akiwa mwingi hivi, mnamkwepaje bila kumkosa pechi: ni chambo, au ni kusubiri baridi ya Novemba na Desemba kapi apunguze kula? Na siku ya jua kali, chambo nikitege kwenye matete au chini ya miti iliyoinamia maji?

Natanguliza shukrani.