Naomba ushauri: Kirkby ipi ni ya babu wa mume wangu?

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni msaada, hasa mliowahi kufuatilia koo za Uingereza.

Ukoo wa mume wangu ni Kirkby. Jina hilo waliliacha Wanorse, yaani watu wa kale wa Skandinavia waliohamia Uingereza: kirkja ni kanisa, býr ni kijiji. Kwa hiyo kila penye kanisa paliweza kuitwa hivyo, na vijiji vya Kirkby ni vingi mno. Watoto wananiuliza kwao ni wapi hasa, nami natamani niwajibu kwa uhakika.

Tulichonacho ni nakala ya sensa ya 1851. Mahali alipozaliwa babu yao mkuu pameandikwa "Kirkby", kisha neno la pili ambalo wino wake umefifia. Herufi ya kwanza ni M, hiyo naiona vizuri, halafu mkia mrefu tu. Kaunti imeandikwa Yorkshire. Sasa huko kuna Kirkby Malzeard, Kirkby Malham na Kirkbymoorside!

Nimepitia vitabu vya ubatizo vya Kirkby Malham, nikakuta watoto wawili wa jina lake, wamepishana miaka 3. Nimekwama hapo.

Maswali yangu ni mawili. Je, sensa ya 1861 inaweza kuwa na neno hilo kwa ukamilifu, au nianze na cheti cha ndoa nipate jina la baba yake? Na jina la ukoo lenyewe linaweza kutuelekeza kijiji, au mtu aliitwa Kirkby baada ya kuhamia kwingine?

Natanguliza shukrani.