Ulinganisho: chipu zenye miguu na zisizo na miguu kwa kinasa joto cha sanduku la samaki

KinasaSahare (mwanzisha mada)

Assalamu alaykum, na habari zenu wote. Nipo hapa Tanga, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiunda kinasa joto kidogo cha kuwekwa ndani ya masanduku ya barafu yanayopakiwa samaki pale mwaloni Deep Sea kabla ya safari ya Dar es Salaam. Kazi yake ni kupima joto kila baada ya dakika 5, kuhifadhi vipimo, na kumwonyesha mnunuzi iwapo barafu iliisha njiani. Mfano wa kwanza niliujenga kwa maikrokontrola (chipu inayoendesha kifaa kizima) ATmega328P ya miguu 28, ile ndefu ya kuchomekwa ambayo hujaza nusu ya bodi, na karibu kila mvuvi niliyemwonyesha aliniuliza kama nimeleta redio.

Sasa nataka kutengeneza bodi 40 zitakazoingia kwenye kikasha cha ukubwa wa kiberiti, na nimekwama kwenye uchaguzi wa ganda la chipu. Chipu hiyohiyo hupatikana katika ganda la TQFP, lenye miguu 32 iliyotandazwa pande zote nne kama ya kaa, ambalo pamoja na miguu yake hukalia milimita 9 kwa 9, na kutoka katikati ya mguu mmoja hadi katikati ya mwenzake ni milimita 0.8. Hupatikana pia katika ganda la QFN lisilo na miguu kabisa, la milimita 5 kwa 5, ambalo pedi zake 32 (vibapa vya chuma vya kulehemia) zimejipanga chini, ukingoni, kwa umbali wa milimita 0.5, na tumboni lina pedi moja kubwa ya chuma. Njia ya tatu ni kununua moduli yenye Wi-Fi iliyokwisha kukamilika, nikalehemu kingo zake tu.

Vifaa nilivyo navyo ni chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, kipulizia cha hewa ya moto, jiko bapa la kupasha bodi kutoka chini, na kioo cha kukuzia. Ninyi mngechagua lipi?

FundiBarabaraYa12

Kaka, mimi ni fundi simu Ngamiani, na kila siku ninashika chipu zisizo na miguu, kwa hiyo nianze kwa kukutoa hofu. QFN haihitaji mashine ya kiwanda. Inahitaji uji wa lehemu (unga wa lehemu uliochanganywa na fluksi, dawa ya kusafisha chuma) wa kiasi kinachofaa, stenseli (bati lenye matundu la kupakia uji) nyembamba ya kama milimita 0.1, na subira ya kupasha kutoka chini kwanza kabla ya kupuliza hewa juu. Uji ukishayeyuka, mvutano wa lehemu yenyewe huivuta chipu ikae mahali pake, na ukiigusa kidogo kwa kibanio utaiona inarudi yenyewe kama mashua iliyofungwa kamba.

Kosa ambalo wengi hulifanya, nami nililifanya mpaka nikachoka, ni kwenye pedi ya katikati. Mtu huona pedi ni kubwa, akaijaza uji wote. Uji huo ukiyeyuka hufanya kilima, chipu hupanda juu yake na kuelea, na pedi za ukingoni hubaki hazijagusa bodi. Kwa macho utaapa kwamba imekaa vizuri. Dawa yake ni kuugawa uwazi wa stenseli katika vidirisha vinne au tisa, ili uji ufunike kati ya asilimia 50 na 80 tu ya pedi hiyo. Gesi ya fluksi nayo hupata pa kutokea kati ya vidirisha.

Ukipata uji wenye bismuthi unaoyeyuka kwa nyuzi 138 utafurahi, kwa sababu ule wa kawaida usio na risasi hutaka nyuzi 217 na zaidi, na wa zamani wenye risasi hutaka 183. Hata hivyo usiuchanganye wa bismuthi na mabaki ya risasi ya zamani. Vikikutana, sehemu ya mchanganyiko huo huweza kuanza kulainika karibu na nyuzi 96, na kiungo hakitakuwa na nguvu unayoitegemea.

DadaChumbageni

Ninaomba tuanze na hesabu, maana naona tumeingia kwenye ulehemu kabla ya kujiuliza kama nafasi inayookolewa ina faida yoyote. TQFP hukalia milimita 81 za mraba na QFN hukalia 25, kwa hiyo tofauti ni 56. Ndugu KinasaSahare hakutaja betri, lakini kwa kikasha cha ukubwa wa kiberiti nadhani atatumia CR2032, betri ya sarafu ambayo kipenyo chake ni milimita 20. Duara hilo peke yake ni zaidi ya milimita 314 za mraba, bila kuhesabu kishikio chake. Yaani ukihangaika na pedi za chini kwa ajili ya maikrokontrola, unaokoa eneo lisilofika hata moja ya tano ya betri, na betri haipungui. Urefu wa kifaa nao utaamuliwa na betri ya milimita 3.2 pamoja na kishikio, wala si na chipu ambayo katika maganda yote mawili ina unene wa takriban milimita 1.

Hesabu hiyo ingegeuka kama kifaa kingekuwa cha kuvaliwa sikioni, au kama chipu ingekuwa na pedi 56, kama RP2040 ambayo mtengenezaji wake aliitoa katika QFN ya milimita 7 kwa 7 yenye nafasi ya milimita 0.4. Hapo huchagui. Na ndivyo soko linavyoelekea: vihisi na vidhibiti volti vingi vipya havitolewi tena vikiwa na miguu, kwa hiyo mtu anayekataa kujifunza QFN atajikuta anachagua chipu kwa sura badala ya kazi.

Moduli ya Wi-Fi naiondoa mapema. Inapotuma mawimbi hutaka mamia ya miliampia kwa mkupuo mmoja, na betri ya sarafu haiwezi kutoa hata sehemu ndogo ya hizo, tena ndani ya barafu ambako ukinzani wake wa ndani hupanda. Isitoshe, ukiifungua kifuniko chake cha bati utakuta ndani mna QFN ileile tunayoibishania, ila imelehemiwa na mtu mwingine.

Mtundu_Raskazone

Kwa nini tusiruke mbali zaidi na kutumia chipu tupu, zile za WLCSP ambazo ganda lake ni silikoni yenyewe yenye vitufe vya lehemu chini? Hizo ndizo ndogo kuliko zote.

DadaChumbageni

Kwa sababu vitufe vyake vya katikati havifikiki kwa ncha ya aina yoyote, na bodi ya bei nafuu haina njia za kutosha za kupitisha nyaya kati ya vitufe vyenye nafasi ya milimita 0.4. Tena silikoni iliyo wazi huhisi mwanga. Mwaka 2015 watumiaji wa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 2 waligundua kwamba ukiipiga picha kwa mwanga wa xenon kwa karibu, kompyuta huzimika, na sababu ikawa chipu moja ya umeme yenye ganda la namna hiyo. Kwa kinasa joto cha samaki hatuna haja ya matatizo hayo.

MzeeWaBandari

Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini mmezungumza kama watu wanaoishi Dodoma. Sisi tupo pwani, na kwenye pwani hii adui wa chipu ni unyevu na chumvi.

Nianze na kabla ya kulehemu. Ganda la plastiki hunywa maji kutoka hewani polepole. Ukiipasha chipu iliyolowa ghafla hadi nyuzi 240, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke na kulipasua ganda kutoka ndani, mara nyingine kwa mlio mdogo kama bisi, mara nyingine kimyakimya na nyufa zisizoonekana. Ndiyo maana chipu nyingi huja katika mfuko uliofyonzwa hewa, ukiwa na vifuko vya kukaushia na kadi yenye madoa yanayobadilika rangi. Mfuko ulioandikwa kiwango cha 3 cha kuhisi unyevu hukupa saa 168 tangu uufungue, lakini saa hizo zimehesabiwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 60. Nani kati yenu ana chumba cha namna hiyo Tanga wakati wa masika, bila kiyoyozi? Kwa hiyo zile siku 7 zilizoandikwa, kwetu ni chache zaidi. Chipu yenye miguu nayo hunywa maji vilevile, nakubali, lakini huyo mwenye miguu unaweza kumlehemu mguu mmoja mmoja kwa chuma, na mwili wake haufiki nyuzi zile. QFN haina njia hiyo, kwa kuwa pedi ya tumboni hailehemiki mpaka mwili mzima upashwe.

Chipu iliyolowa huokwa. Kwa nyuzi 125 ni kazi ya saa kadhaa, lakini utepe wa plastiki unaozishika chipu hauvumilii joto hilo, na ukizioka ndani ya utepe kwa nyuzi 40 utangoja siku nyingi. Zitoe kwanza, uziweke kwenye trei ya chuma.

Sasa baada ya kulehemu. Chini ya QFN kuna upenyo mwembamba kuliko unywele wa wengi wenu, na fluksi hubaki humo. Ukisugua kwa brashi na spiriti, unasafisha ukingo tu na wakati mwingine unaisukuma taka ndani zaidi. Kwenye pedi zenye nafasi ya milimita 0.5, uwazi kati ya pedi na pedi ni kama milimita 0.25. Weka hapo mabaki ya fluksi ambayo hayakupata joto la kutosha, ongeza umande wa sanduku la barafu na chumvi ya maji ya samaki, uweke na volti 3 za betri, na baada ya muda vijiti vya chuma huota kama mizizi kutoka pedi moja hadi nyingine. Niliwahi kuletewa kifaa cha kupimia mafuta ya boti kilichokufa kwa sababu hiyo, na aliyekitengeneza alikuwa amekipaka lakiri vizuri kabisa juu. Lakiri haikupita chini ya chipu, ikawa imeufungia uchafu ndani.

FundiBarabaraYa12

Shikamoo mzee. Hilo la fluksi kufungiwa ndani nalikubali, na kwenye simu zilizoanguka majini tunaliona sana. Nami naongeza jambo la ukaguzi, kwani hapo ndipo mwenye bodi 40 atakapoumia.

Mguu wa TQFP unauona: lehemu imepanda kisigino au haikupanda, unajua. Ubavu wa QFN ni shaba iliyokatwa kwa msumeno baada ya kupakwa bati, kwa hiyo sehemu iliyokatwa haina bati, na lehemu isipopanda hapo haina maana kwamba kiungo ni kibovu. Kioo chako cha kukuzia hakitakuambia ukweli. Yapo maganda yaliyochongwa na kupakwa bati ubavuni ili lehemu ionekane, ambayo hupendwa sana kwenye magari, lakini si kila chipu inayo.

Mimi hutumia mita. Iweke kwenye alama ya dayodi, waya mwekundu kwenye ardhi ya bodi, waya mweusi kwenye njia ya shaba inayotoka kwenye pedi, mahali penye shimo au kipande kingine kilichounganishwa nayo. Dayodi ya kinga iliyo ndani ya chipu itakupa kama volti 0.4 hadi 0.7. Mita isiposoma chochote, pedi hiyo haijashika. Pedi 32 kwa bodi moja si nyingi. Kwa bodi 40 ni pedi 1,280, na kidole chako kitalalamika.

DadaChumbageni

Marekebisho madogo kwa wanaosoma baadaye: pedi ya tumboni kwenye ATmega328P haipo kwa ajili ya joto, maana chipu hiyo hula umeme mdogo mno. Mtengenezaji anasema imeungwa na ardhi ndani, na ilehemiwe au igundishwe kwenye bodi kwa sababu ganda huweza kulegea bila hiyo. Kwenye kidhibiti volti hadithi ni nyingine kabisa. Hapo pedi ndiyo njia kuu ya joto kutoka, na matundu yenye shaba chini yake ni ya lazima.

Kinyume chake, ukichagua kihisi joto TMP117, ambacho hakina miguu na kina upana wa milimita 2 tu, usiilehemu pedi ya katikati. Mkazo wa lehemu hukipotosha kipimo, na kihisi chenyewe kimenunuliwa kwa usahihi wa nyuzi 0.1.

KinasaSahare

Marahaba kwa wote, na shikamoo Mzee. Betri ni CR2032 kweli, na hesabu ya Dada imenitoa tongotongo, kwani nilikuwa nimeichora bodi nzima nikiitazama chipu peke yake. Nimeamua maikrokontrola iwe TQFP, niilehemu kwa chuma na kuiosha mpaka chini ya miguu. Kihisi kitakuwa TMP117 kisicho na miguu, kwa sababu hakina ndugu mwenye miguu anayelingana naye, nami nitakiweka kwenye ulimi mwembamba wa bodi mbali na betri, nikipashe kwa jiko la chini kabla ya kulehemu kitu kingine chochote. Pedi zake 6 za ukingoni nitazipima zote kwa mita.

Swali langu la mwisho ni kwa Mzee: vihisi 40 vitafika vikiwa katika mfuko mmoja, nami nitalehemu 10 kila wiki. Je, vilivyobaki nivihifadhi kwenye kopo lenye mchele, kama watu wanavyofanya kwa simu zilizolowa?

MzeeWaBandari

Marahaba, mwanangu. Mchele upeleke jikoni, maana wenyewe una unyevu na huacha unga utakaoingia kwenye pedi zako. Tafuta vifuko vya kukaushia, vioke upya kila unapovitumia, uvitie kwenye kopo la kioo lenye mpira mfunikoni pamoja na ile kadi ya madoa. Doa la asilimia 10 likibadilika rangi, vioke vihisi kabla ya kuvigusa. Na ufungue kopo mchana jua likiwa kali, si alfajiri.