Kinyozi wangu kaibandika ile picha, na mimi nimenyolewa upande mmoja tu

Mnyama wa Rangi Tatu

Wakuu, leo sina salamu. Nitawasalimia kesho nikiamka salama.

Nimetoka saluni sasa hivi, poda bado ipo shingoni, naandika nimesimama kwenye daladala na vidole vinatetemeka. Mnamjua ninayemsema, nahodha wetu wa Simba, beki wa kushoto, aliyevuka kwenda kwa watani Yanga. Simtaji. Jina lake nimelitaja miaka 11. Nimelitaja nikiwa na homa, nimelitaja usingizini mpaka mke wangu akaniuliza huyo ni nani. Leo mdomo umekataa.

Iko hivi. Ile saluni nanyolewa mwaka wa sita. Juu ya kioo kulikuwa na picha yake, jezi nyekundu, kitambaa cha unahodha mkononi. Ndiyo iliyonifanya nihamie pale, maana saluni ya karibu na kwangu wana bango la timu ya Hispania na mimi Hispania sina ndugu. Basi leo nimekaa, nimefungwa kitambaa, nimeinamisha kichwa, kinyozi kaanza upande wa kushoto. Upande wa kushoto, wakuu! Upande wake huyo huyo bwana! Kamaliza, kaniambia inua kichwa.

Nikainua.

Kijani.

Sura ile ile, ukuta ule ule, misumari ile ile. Jezi ya kijani na njano. Anaangalia kule kule alikokuwa anaangalia akiwa wetu, yaani ananiangalia mimi.

Na sikuweza kuondoka! Kichwa nusu kina nywele nusu hakina, utatokaje hivyo pale Rangi Tatu saa kumi na moja jioni, stendi imejaa, dunia nzima inarudi nyumbani? Nimekaa dakika 20 natazamana naye. Nikishusha macho, kinyozi ananiambia inua kichwa. Nikiinua, kijani. Nimekonda kwenye kile kiti. Nimeingia na mashavu, nimetoka sina.

Msiniambie ni mpira tu. Mimi mpira naujua na maumivu yake nimeyala yote. Zile tano tulizofungwa na Yanga Novemba 2023 nilizimeza. Mei 25, 2025 nilipanda boti kwenda Unguja, tukatangulia kwa bao la Mutale, tukabaki pungufu, Berkane wa Morocco wakasawazisha mwishoni kabisa, jumla 3-1, Kombe la Shirikisho Afrika likaondoka mbele ya macho yangu pale uwanja wa Amaan. Nikarudi na boti ya asubuhi, nikaenda kazini. Juni 25 tukafungwa mbili bila na Yanga, ubingwa wao wa nne mfululizo ukaenda kwao Jangwani. Nikasema sawa, ligi imeisha, nitapumzika, nitatulia na familia, dirisha la usajili litaleta heri.

Dirisha limeleta ile picha.

Mkude alipovuka 2023 niliumia, nikala, nikalala. Chama, Mwamba wa Lusaka, alipovuka 2024 niliumia, sikula, ila nililala. Huyu simuweki kwenye kapu hilo. Huyu alitoka Kagera Sugar 2014, wakati sisi hatuna kitu, ubingwa wetu wa mwisho ulikuwa wa 2012. Njaa yote ile alikuwepo. Makombe manne mfululizo ya kuanzia 2018 alikuwepo. Machi 2019 AS Vita ya Kongo wametutangulia pale Uwanja wa Taifa, kabla haujaitwa Mkapa, nani alisawazisha? Beki wa kushoto! Niliyekumbatiana naye siku ile simjui mpaka leo, lakini alinilowesha bega kwa machozi.

Timu ilikwenda Misri kujiandaa. Watu wananiambia tazama mbele, kuna sura mpya. Nazitazama. Kila anayetangazwa naangalia kwanza kapewa namba gani mgongoni, maana ile namba mnaijua na mimi bado naivaa. Nilikuwa nimeivaa leo! Chini ya kile kitambaa cha kinyozi nilikuwa na jezi yenye jina lake mgongoni, na yeye juu ya kioo na kijani.

Nainua kichwa, kijani.

Huyo kinyozi naye tutaonana. Nimemuuliza kwa nini, kanijibu, "Ni mchezaji yule yule, kaka." Yule yule!

---

Mwananchi wa Kudumu

Pole mkuu. Nimesoma uzi wote, nina swali moja. Ulimaliza kunyolewa?

Mnyama wa Rangi Tatu

Nilimaliza. Upande wa kulia nilinyolewa nimefumba macho.

Bi Nyekundu wa Tanga

Kaka yangu, nilijua niko peke yangu. Mimi mwanangu nimempa jina la huyo bwana. Kazaliwa 2019, siku chache baada ya ile mechi ya Vita, baba yake alitaka aitwe kwa jina la babu yake nikakataa katakata. Sasa wiki hizi nikimwita aje kula jina linanikwama kooni, naishia kusema "wewe mtoto". Juzi kaniuliza, mama, mimi naitwa nani?

Jini la Jangwani

Mtoto hana kosa dada. Tuletee, tutamwita kwa jina lake kamili kila siku.

Bi Nyekundu wa Tanga

Pita kando, hapa tuna msiba.

Mzee wa Sunderland

Wanangu, mimi nimeanza kuishabikia klabu hii ikiitwa Sunderland, kabla ya 1971. Nimewaona wachezaji wakivuka ile barabara kwenda na kurudi mpaka nimechoka kuhesabu. Niyonzima tulimtoa Yanga 2017, mbona hamkuanzisha uzi? Ajib alikwenda 2017, akarudi 2019, mkampokea kwa ngoma. Okwi alikwenda kwao, akarudi, mkambeba mabegani. Mtu mzima analia mara moja tu. Mimi nililia 1993, Stella Abidjan walipokuja kutufunga mbili hapa hapa Dar wakachukua Kombe la CAF. Kwao tulitoka suluhu, tukaona kombe limeshaingia kabatini. Baada ya pale machozi yangu yalikwisha.

Mnyama wa Rangi Tatu

Shikamoo mzee. Maneno yako nayaheshimu. Lakini Niyonzima hakuwa nahodha wangu, na hakuna aliyembandika juu ya kioo mimi nikiwa nimefungwa kitambaa.

Mzee wa Sunderland

Marahaba. Badili saluni.

Fundi wa Kushoto

Kuna jambo hamjaliona. Ile mechi ya Vita tulishinda 2-1. La kusawazisha kafunga yeye, la ushindi dakika ya 90 kafunga Mwamba wa Lusaka. Wafungaji wote wawili wa usiku ule wamekuja kuvaa kijani. Wote wawili! Mimi ile video nilikuwa naiangalia kila nikikosa usingizi. Sasa ndiyo inayoninyima usingizi.

Mnyama wa Rangi Tatu

Mkuu, ungeniacha tu. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jini la Jangwani

Jezi unayo bado? Kama hujaichana, jina lake lipo sawa, badilisha rangi tu. Kuna mama pale Kariakoo anapaka rangi vitenge.

Kombora la Msimbazi

Mnamlaumu mchezaji bure. Mkataba uliisha, kijana akaondoka, ana watoto wa kulisha. Nahodha aliyekaa klabuni miaka 11 unamwachaje mpaka mkataba unamalizika mikononi mwako? Hapo ndipo uzi unapotakiwa uanzie. Kuna mtu alikaa ofisini, akala chakula cha mchana, akaona karatasi ile inaisha, akaendelea kula.

Mnyama wa Rangi Tatu

Yote kweli. Lakini wewe hukuinua kichwa ukaona kile nilichokiona.

Kombora la Msimbazi

Mkuu, kichwa chako tumeshakisikia.

Mtumwa wa Soka

Agosti 2025 Taifa Stars inacheza na Burkina Faso pale kwa Mkapa, mashindano ya CHAN, bao la pili nani kafunga kwa kichwa? Na wewe mwanzisha uzi ulikuwa wapi, umenuna?

Mnyama wa Rangi Tatu

Niliruka. Sikatai. Niliruka kama kila Mtanzania, nikapiga kelele, nikalitaja mpaka jina. Stars ni Stars. Ndiyo maana leo imeniuma zaidi, nilidhani nimeshapona.

Bi Nyekundu wa Tanga

Hata mimi niliruka. Mtoto akaja mbio akidhani namwita yeye.

Msafiri wa Mwanza

Samahani kwa kuingilia. Nyie mnalia picha. Machi 8, 2025 mimi nilitoka Mwanza kwa basi kuja kuangalia mechi ya watani. Safari ya mchana na usiku, magoti yamevimba, nimefika Dar naambiwa hakuna mechi, imeahirishwa. Eti Simba ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jana yake usiku. Nikageuza. Ikaja kuchezwa Juni 25, sina nauli ya pili. Nani ananirudishia ile ya kwanza? Hilo ndilo la kuanzishia uzi, siyo bango la saluni.

Jini la Jangwani

Hapo sasa tumepata malalamiko yenye uzito.

Kombora la Msimbazi

Tungekuwa na uwanja wetu wenyewe, nani angetufungia geti usiku? Klabu ya mwaka 1936, mechi zetu zote tunachezea viwanja vya watu. Fainali ya Afrika tumekwenda kuichezea Unguja kwa sababu nyasi za Mkapa hazikuwa tayari. Fainali! Ni kama kualikia harusi yako sebuleni kwa jirani.

Mwananchi wa Kudumu

Usicheke ya wenzako mkuu, hata sisi Yanga wa 1935 tunaimba uwanja wa Jangwani tangu nikiwa shule ya msingi. Mvua ikinyesha pale hata chura anatafuta pa kujishikiza.

Kombora la Msimbazi

Leo nimekubaliana na mtu wa Jangwani. Mwisho wa dunia umekaribia.

Mnyama wa Rangi Tatu

Wakuu, mada ni ile picha.

Bunduki ya Tabata

Mngejua mateso msingezungumzia nauli. Mimi ni Arsenal. Nafasi ya pili 2023, nafasi ya pili 2024, nafasi ya pili 2025. Mara tatu mfululizo mtu anafika mlangoni, anabisha hodi, anafunguliwa, anaambiwa subiri hapo hapo. 2025 hiyo hiyo tukamleta mshambuliaji Gyökeres, na mke wangu ameshaniambia mwaka huu nikilia nilie nje.

Shetani Mwekundu wa Sinza

Nafasi ya pili unaiita mateso? Sisi Manchester United 2025 tulimaliza ya 15! Tukaenda Bilbao fainali ya Europa, tukafungwa moja na Tottenham. Tottenham, ambao kwenye ligi walikuwa chini yetu! Niliangalia kwenye kibanda umiza, nimelipa, nimekaa kwenye benchi lina msumari, na umeme ukarudi dakika mbaya kuliko zote.

Bunduki ya Tabata

Hilo la msumari nalikubali. Mengine mlijitakia.

Jamaa wa Kisumu

Wazee wa Bongo, mimi ni Gor Mahia. Sisi mpaka 2025 tulikuwa na ligi 21 kabatini, na msimu wa 2024/25 kombe likaendea Kenya Police. Polisi! Tulikuwa tunawakimbia mtaani wiki nzima, wikendi tena tunawafukuza kwenye jedwali na hatuwafikii. Nyinyi mchezaji wenu amevuka barabara moja tu, mnalia hivi?

Mtumwa wa Soka

Kaka wa Kisumu, wewe umeshinda. Uzi ufungwe.

Mnyama wa Rangi Tatu

Usifungwe! Hakuna aliyenijibu. Nitafanyaje mwezi ujao nywele zikiota? Nimehesabu, wiki tatu tu zimebaki. Nitakaa tena kile kiti, ataanza tena kushoto, ataniambia inua kichwa.

Msafiri wa Mwanza

Kwa hiyo nauli yangu imepita hivi hivi?

Shetani Mwekundu wa Sinza

Mkuu wa Mwanza, umekuja na basi lipi? Kuna moja nilipanda mwezi wa nne, kiti hakilali nyuma, na kondakta ananiambia kimelala.

Msafiri wa Mwanza

Ndiyo hayo hayo! Kiti changu kilikuwa kinalala chenyewe kila tukipiga breki. Nimefika Singida nimelaliwa na mama wa mbele, kapakata kuku.

Mgeni wa Mbagala

Habari za humu. Samahani, nimehamia Rangi Tatu wiki iliyopita na sijapata kinyozi. Huyo mnayemsema anachonga ndevu vizuri?

Fundi wa Kushoto

Nadhani namjua. Anachonga safi, elfu tatu, spiriti humo humo.

Mgeni wa Mbagala

Elfu tatu na spiriti? Kule Tegeta nilikotoka wananitoza elfu tano na spiriti naambiwa niende nayo.

Bunduki ya Tabata

Elfu tano! Tabata nao wamepandisha, wanasema mashine mpya. Mashine yenyewe inang'oa.