Azathioprini na jua la Kibirizi: mgonjwa afanyeje?

Muuguzi_KGM
Wakuu, nina mgonjwa aliyepandikizwa figo, yuko kwenye azathioprini, takrolimasi na prednisoloni, dawa za kupunguza kinga ili figo isikataliwe. Kazi yake kuanika dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Akikaa juani kidogo tu, uso na mikono vinaungua, kisha madoa meusi. Ndugu zake wanasema ameze azathioprini usiku ili jua lisiikute. Kuna ukweli?

Kidonge
Hakuna. Azathioprini ikivunjwa mwilini hutoa thioguanini, nayo hujipachika ndani ya DNA (chembe za urithi) ya seli za ngozi na kukaa humo, umeze saa ngapi ni yale yale. DNA ya kawaida hunyonya UVA (aina ya miale ya jua isiyoonekana) kidogo sana. Yenye thioguanini huinyonya vizuri, ndipo zinapotokea kemikali za oksijeni zinazoharibu seli. Juu ya hapo, kinga ambayo ingeziwahi seli zilizoharibika imelazwa na dawa zote tatu. Hapo ndipo saratani ya ngozi inapopata nafasi.

Asiache dawa, figo itakataliwa. Daktari wake wa figo anaweza kufikiria kumhamishia maikofenoleti, dawa nyingine ya kupunguza kinga. Muulize pia kuhusu septrini na haidroklorothiazaidi ya presha, zote huongeza ukali wa jua. Na kama anapaka mkorogo, aache leo.

Mnyamwezi_wa_Kitete
Niongeze la saa za kukwepa jua. Kigoma iko magharibi mno: jua la utosi hufika karibu saa 7 mchana. Kwake saa mbaya ni saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Asipokuwa na saa, aangalie kivuli. Kikiwa kifupi kuliko yeye, aingie kivulini. Aanike mapema, kugeuza dagaa mchana amwachie mwingine.

Mchanga mkavu hurudisha juu kama asilimia 15 ya mionzi, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi. Avae kitenge kizito cha mikono mirefu (khanga nyepesi iliyolowa inapitisha) na pama yenye ukingo wa sentimita 7 au zaidi. Kapelo inaacha masikio na kisogo.

Krimu ya kukinga jua iwe SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga) 30 kwenda juu, na iwe na alama ya UVA, kwa sababu namba ya SPF inahusu zaidi UVB (aina nyingine ya miale ya jua), na tatizo lake ni UVA. Uso na shingo: mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Apake dakika 20 kabla ya kutoka, arudie kila saa 2 au akitoka jasho. Wengi hupaka kiduchu, kisha wanailaumu krimu. Mafuta ya nazi hayahesabiki.

Muuguzi_KGM
Asanteni. Weusi wa ngozi si unamkinga na saratani?

Kidonge
Kwa sehemu tu. Kwa watu weusi waliopandikizwa, saratani hizi hutokea mara nyingi hata pasipofikiwa na jua, zikiwemo sehemu za siri, kwa sababu ya virusi vya HPV. Mkague mwili mzima, midomo na nyayo pia. Kidonda kisichopona wiki 4, au kinundu kigumu chenye magamba, kikatwe kipande kipimwe. Usimpe krimu ya fangasi kwanza.