Kamuita Chapman MUUZA SIGARA na nyie mnacheka tu??

Wakuu leo sina salamu. Tulikuwa tunabishana nani mbunifu mkali zaidi wa magari ya F1 (mbio za Formula 1), na mi wangu ni Colin Chapman, bosi wa Lotus. Ninayemsema mnamjua, yule ambaye hata ukifungua uzi wa msiba atakuja kutaja Adrian Newey, yule aliyebuni magari ya Red Bull. Mi nimetulia zangu naeleza kwamba Lotus 25 ya 1962 ndo ilileta monokoki F1 (bodi yenyewe ndo fremu), kwamba Lotus 49 ya 1967 injini yenyewe ndo imebeba nyuma ya gari na ikashinda siku ya kwanza tu kuingia mbioni pale Zandvoort, halafu Lotus 79 ikaja ikawa inanyonya lami, hewa ya chini inaivuta chini, mpaka dereva Mario Andretti akabeba ubingwa 1978. Jamaa kajibu maneno mawili. MUUZA SIGARA. Eti kisa Lotus zilipakwa rangi za sigara za Gold Leaf 1968! Na kaemoji ka kucheka juu yake. Yani muuza sigara, mtu ambaye nusu ya magari mnayoshangilia ni wajukuu zake! Chakula hakipiti. Newey fundi sikatai, RB19 yake ya Red Bull ilibeba mbio 21 kati ya 22 mwaka 2023, sawa, lakini muuza sigara?? MUUZA SIGARA???

Piti_Stopu: Mkuu kunywa maji kwanza. Ila rangi za sigara si alipaka kweli 😂😂

KonaKali: Kila siku Newey Chapman Newey Chapman. Rory Byrne kawakosea nini? Mataji yote 7 ya Schumacher yamepatikana kwenye magari yake na hakuna hata anayemsalimia.

Mzee wa Gia: Byrne gani bana. Gordon Murray kafunga feni ya kunyonya gari chini nyuma ya Brabham 1978, Lauda kashinda Sweden, mbio moja tu gari likarudishwa stoo. Uogopwe vipi tena

KonaKali: Feni alianza Jim Hall kwenye gari lake, Chaparral 2J, 1970. Uwe unasoma.

Piti_Stopu: mleta uzi bado analia au kashalala?

Turubo: Na MP4/4, ile McLaren ya 1988, acheni kumpa Murray peke yake, Steve Nichols yupo pale mnamruka kama dimbwi. Mi nyuzi za hivi zinanikera, mbunifu John Barnard kaleta chesisi ya kaboni 1981, kaleta gia za kwenye usukani, mpaka leo kila dereva anabonyeza hapohapo, nyie mnabishana feni!

Mzee wa Gia: Gia zipi, zile za Ferrari 640? Ilishinda Brazil 1989 kisha ikawa inafia njiani kila wikiendi 😂

Turubo: Ilikuwa umeme sio gia!! Nani kakwambia gia??